Kutoka Matende ya Rufiji hadi Chemba ya Oksijeni: Historia ya Kiungo Kilichovimba

Mto Rufiji hauingii baharini kwa mdomo mmoja. Ukishapita chini ya Daraja la Mkapa na kuliacha bonde la Ikwiriri, unaanza kugawanyika. Mkono huu unaelekea Simba Uranga, ule Msala, na mingine inapotelea ndani ya mikoko inayokadiriwa kufunika hekta 53,000 hivi, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Wanaosoma vitabu vya vita wanaijua delta hii kwa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha humo mwaka 1914 mpaka ilipozamishwa Julai 1915. Mbu wa mikoko hiyo hawakupata umaarufu wa namna hiyo, ingawa wamewaumiza watu wengi kuliko mizinga ya meli ile.

Mzee wa Mbwera au Kiongoroni, huko deltani, hahitaji daktari wa kumweleza matende ni nini. Mguu unavimba, unapungua, unavimba tena, kisha siku moja haupungui. Ngozi inakuwa nene, inajikunja kunja, inapata nyufa kwenye vidole, na kila baada ya muda inakuja homa ya kutetemeka pamoja na mtoki wa kinena. Kwa wanaume kuna mabusha pia, na hayo yamezoeleka pwani kiasi cha kutungiwa utani. Mgeni akinywa madafu mengi ataonywa, nusu kwa mzaha, kwamba atapata busha. Matende hayana mzaha. Kwa wengi yalikuwa ishara ya kutegwa, kwamba mtu amekanyaga kitu alichowekewa njiani, na mwenye mguu huo alijifunza kukaa upande wa nyuma kwenye shughuli na kuvaa kanzu ndefu au kujitanda khanga mpaka chini. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliandika jinsi magonjwa haya yalivyotapakaa kwa watu wa kisiwa kile. Hakusema jipya kwa wenyeji.

Nimeanza na mguu ingawa habari niliyonayo ni ya mkono. Mwanamke aliyetolewa titi kwa saratani, akatolewa tezi za kwapani, akapigwa mionzi, anaweza kuamka mwezi mmoja, mwaka mmoja au miaka kumi baadaye akakuta bangili haipiti, pete inabana, mkono wa gauni haumwingii. Uvimbe huo na wa matende ni ndugu wa tumbo moja. Madaktari wa nchi tajiri wameutafutia tiba ya gharama kubwa, ya kumweka mgonjwa ndani ya chemba na kumpa oksijeni kwa mgandamizo. Watu wa pwani yetu, kwa sababu ya mbu, walipata tiba nyingine, ya sabuni na maji. Historia za tiba hizi mbili zimeandikwa mbalimbali, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa.

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1622 Mtaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona ndani ya tumbo mirija myeupe aliyodhani mwanzoni ni neva. Alipoikata ikatoa maji kama maziwa. Miaka 30 baadaye Msweden Olaus Rudbeck na Mdenmark Thomas Bartholin, wakigombea heshima ya kuwa wa kwanza, walionyesha kwamba mirija ya namna hiyo imeenea mwilini kote. Ndiyo mirija ya limfu. Kazi yake ni kuyarudisha majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, pamoja na protini na uchafu wake, kuyapitisha kwenye tezi ili yachujwe, kisha kuyamwaga tena kwenye damu karibu na shingo. Anayelima mpunga bondeni ataelewa haraka: mfereji wa kutolea maji ukiziba, shamba halikauki hata mvua ikikoma, na mashapo yanayobaki huzidi kuuziba. Kwenye mwili mashapo hayo ni protini. Yanavuta maji, yanaamsha ukuaji wa mafuta na makovu chini ya ngozi, na ngozi iliyolowa kutoka ndani inakuwa mlango wazi kwa bakteria.

Kinachoziba mfereji kwenye matende kilijulikana polepole. Katika miaka ya 1860 na 1870 Otto Wucherer huko Brazil na Joseph Bancroft huko Australia walimwona mnyoo ambaye sasa anabeba majina yao yote mawili, mwembamba kama uzi, anayeishi ndani ya mirija ya limfu. Mwaka 1877 Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, alionyesha kwamba watoto wa mnyoo huyo hukua ndani ya mbu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sayansi kumfunga mbu na ugonjwa wa binadamu. Ila Manson aliamini kwamba mbu akifa majini, binadamu huyameza maji yale na minyoo yake. Alishikilia hivyo kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1900 George Carmichael Low alipowakuta minyoo wachanga kwenye mdomo wa mbu, tayari kumwingia mtu anapoumwa. Kwa hiyo tusiwacheke sana wazee wa madafu. Hata baba wa tiba ya nchi za joto alidhani ugonjwa unanywewa.

Tanganyika iliingia kwenye maandiko haya kwa mikono ya Frank Hawking, daktari aliyefanya utafiti Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1940 taarifa ya mtawanyiko wa minyoo ya matende katika Tanganyika. Wengi wanalifahamu jina hilo kwa sababu ya mwanawe, Stephen, mwanafizikia. Baba alihesabu minyoo ndani ya damu za watu wetu. Jirani zetu Uganda nao walikuwa na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Lira. Aligundua kwamba mabusha yamejaa upande wa mashariki wa wilaya ya Lango na ni haba magharibi, akachapisha habari hiyo mwaka 1951. Tabia hiyo ya kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi ndiyo iliyomfanya baadaye aichore ramani ya saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Mabusha yalimfundisha saratani, ukipenda kusema hivyo.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, palifanyika jambo ninaloliona la kijanja kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wakiwa na Chris Curtis wa London walimwaga punje ndogo za plastiki nyepesi juu ya maji ya vyoo vya shimo. Punje zikaelea na kutanda, na mbu aina ya kuleksi hakuwa tena na mahali pa kutagia. Wakati huohuo watu walipewa dawa ya minyoo. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na minyoo kwenye damu, na baada ya miaka michache walibaki wachache tu. Maambukizi yalikatika. Lakini punje hazikumrudishia mtu mguu uliokwisha kuvimba.

Mwenye mguu amekuwa akisahaulika katika habari hizi zote. Dawa inaua minyoo, chandarua kinazuia mbu, na takwimu za maambukizi zinashuka. Mirija iliyoharibika inabaki imeharibika.

Sasa tuvuke bahari tukamfuate William Halsted, mpasuaji wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Tangu miaka ya 1880 aliwapasua wagonjwa wa saratani ya matiti kwa njia aliyoiamini kuwa ndiyo pekee ya kuung'oa ugonjwa na mizizi yake: alitoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Taarifa yake ya 1894 ilienea dunia nzima. Wagonjwa waliishi zaidi ya wale wa zamani, ila mikono yao ilivimba. Mwaka 1921, karibu na mwisho wa maisha yake, Halsted aliandika makala kuhusu uvimbe huo na kuuita matende ya upasuaji. Mtu aliyekuwa bingwa wa kisu kuliko wote wa zama zake alikiri kwamba kisu kinaweza kufanya kwenye kwapa kile ambacho mnyoo hufanya kwenye kinena. Alikisia pia kwamba maambukizi ya bakteria yana sehemu kubwa katika kuufanya uvimbe uwe mbaya. Kisio hilo lilikaa miaka mingi bila kutiliwa maanani, na tutakutana nalo tena Brazil.

Mionzi ilipoanza kuongezwa baada ya upasuaji, hali ikawa nzito zaidi. Mionzi inaua chembe za saratani zilizobaki, lakini vilevile inafinya mishipa midogo ya damu na kuacha makovu magumu kwapani na juu ya mtulinga. Mirija michache ya limfu iliyoponea kisu inabanwa na kovu. Makadirio yanayoaminika, yaliyokusanywa kutoka tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2013, yanasema mwanamke mmoja kati ya watano hivi waliotibiwa saratani ya titi hupata uvimbe wa mkono. Akitolewa tezi zote za kwapani uwezekano ni mkubwa mara kadhaa kuliko akichukuliwa tezi moja au mbili za uchunguzi.

Kwetu, safari ya mionzi inaishia Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lenyewe ni la Wajerumani, la miaka ya 1890, lile lile ambamo Robert Koch alifanya uchunguzi wa malaria mwaka 1897 na 1898. Tiba ya mionzi ilianza hapo mwaka 1980, Taasisi ya Saratani ikaundwa rasmi kwa sheria mwaka 1996, na mwaka 2018 zikafungwa mashine za kisasa za mionzi zilizokuja kukaa pamoja na zile za kobalti. Leo hospitali za Bugando na KCMC nazo zinatibu saratani, lakini kwa mtu wa kusini mwa Pwani njia ni ile ile ya kwenda Dar.

Njia hiyo ina vioja vyake. Kibiti, ilimo delta hii, ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na mji wake uko kwenye barabara ya Lindi, kilomita kama 140 kutoka Dar es Salaam. Hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, Tumbi, iko Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro. Mgonjwa wa Kibiti akipewa rufaa ya kwenda kwenye hospitali ya mkoa wake, itambidi apite Mkuranga na Mbagala, akatishe jiji la watu wengine, kisha aanze safari ya upande wa pili. Na huyo ni wa mjini. Anayetoka Salale au Maparoni anaanza kwa boti, na boti inasubiri maji yajae. Haishangazi kwamba wanawake wengi wa Tanzania hufika kwenye tiba ya titi ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Kwa hatua hizo mpasuaji hana anasa ya kuchagua tezi moja. Anasafisha kwapa lote, na mionzi inafuata.

Ndipo tunapoifikia oksijeni, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana historia ya hewa iliyobanwa ni tamu kuliko faida yake.

Katika miaka ya 1660, kabla hata oksijeni haijajulikana, daktari mmoja wa Kiingereza aitwaye Henshaw alipendekeza chumba kilichozibwa, chenye mivukuto ya kuongeza na kupunguza hewa, akidai kitatibu magonjwa. Oksijeni yenyewe ilitambuliwa katika miaka ya 1770 na Scheele, Priestley na Lavoisier. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwa nini mpiga mbizi anayepanda juu haraka huumwa viungo: naitrojeni inamtoka kwenye damu kwa viputo. Huyo huyo ndiye aliyeonyesha kwamba oksijeni ikizidi mgandamizo huwa sumu na kuleta degedege. Baada yake wakaja wafanyabiashara wa matumaini. Orval Cunningham wa Marekani alijengewa Cleveland mwaka 1928 tufe la chuma lenye ghorofa tano, kipenyo chake mita karibu 20, wagonjwa wakilala humo ndani ya hewa iliyobanwa ili watibiwe kisukari, kaswende na saratani. Madaktari wenzake walimtaka alete ushahidi, hakuleta. Mwaka 1942 tufe likavunjwa, chuma kikaenda vitani.

Heshima ya tiba hii ilirudi kwa mikono ya watu makini. Mwaka 1955 Churchill-Davidson wa Hospitali ya St Thomas', London, alianza kuwapiga wagonjwa wa saratani mionzi wakiwa ndani ya oksijeni iliyobanwa, kwa sababu chembe za saratani zenye oksijeni hufa upesi zaidi kwa mionzi. Mwaka 1960 Ite Boerema wa Amsterdam aliwaondolea nguruwe karibu chembe nyekundu zote za damu, akawaweka kwenye mgandamizo mara tatu ya hewa ya kawaida, wakaishi. Oksijeni ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji ya damu yenyewe. Tangu hapo chemba zikapata kazi halali: wapiga mbizi wenye viputo, watu waliovuta moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, vidonda vya kisukari vya aina fulani, na madhara ya mionzi kwenye taya na kibofu.

Kutoka kwenye taya na kibofu, mtu anaweza kuwaza kwapa. Kovu la mionzi ni nyama iliyokosa damu, oksijeni huamsha mishipa mipya, basi huenda na mirija ya limfu ikachipua. Wazo hilo halikuzuka hivihivi. Uingereza, katika miaka ya 1990, wanawake walioumizwa neva za bega na mionzi ya titi walijikusanya na kudai wasikilizwe. Wakafanyiwa jaribio la oksijeni lililochapishwa mwaka 2001, likiwa na wagonjwa 34. Neva hazikupona. Ila wawili kati yao walisema jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, kwamba mikono yao iliyovimba miaka mingi imepungua. Watafiti wa Royal Marsden na wenzao, akiwemo John Yarnold, wakalifuata neno hilo. Jaribio dogo la wagonjwa 21, lisilo na kundi la kulinganisha, lilitoka mwaka 2004 likiwa na dalili za kutia moyo, baadhi wakisema ngozi imelainika na mkono umekuwa mwepesi. Mwaka huohuo Wamarekani walitoa jaribio la wanawake 10, ambamo uvimbe wa kiganja ulipungua lakini wa mkono wote haukupungua.

Ikabaki kazi ya kupima kwa haki. Wagonjwa 58 wenye mkono uliozidi mwenzake kwa angalau asilimia 15 walipigiwa kura: 38 waingie chembani, 20 waendelee na huduma ya kawaida. Walioingia walivuta oksijeni tupu kwa mgandamizo mara 2.4 ya hewa ya kawaida, sawa na kukaa mita 14 chini ya bahari. Masikio yanaziba kama ya mzamiaji, na mgonjwa anafundishwa kumeza mate au kubana pua ili yafunguke. Kila kikao kilichukua dakika 100, mara 30, kwa wiki sita. Mwaka mmoja baadaye mikono ikapimwa. Kipimo cha kati cha mkono uliovimba katika kundi la huduma ya kawaida kilikuwa asilimia 131.2 ya mkono usiovimba wa mgonjwa huyohuyo, na katika kundi la oksijeni 133.5. Mwanzoni vipimo hivyo vilikuwa 133.5 na 135.5. Yaani makundi yote mawili yalishuka kwa karibu kiasi kilekile kidogo, na saa 50 za chembani hazikuongeza kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2010, na waandishi wake, ambao ndio walioanzisha matumaini yale, waliandika waziwazi kwamba hawakuona faida. Nawavulia kofia. Si kila mtafiti anayekubali kuzika mtoto wake mwenyewe hadharani.

Oksijeni haikufa moja kwa moja. Jaribio la Utrecht, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2024, lilichukua wanawake 189 wenye madhara ya muda mrefu ya mionzi ya titi. Waliokubali kuingia chembani na kumaliza walipata nafuu ya maumivu na ugumu wa nyama. Lakini kati ya 125 walioalikwa ni robo tu waliokubali na kumaliza, wengi wa waliokataa wakisema tiba inachosha. Hao ni Waholanzi, wenye treni na bima. Unguja kuna chemba ya namna hii huko Matemwe, iliyowekwa kwa ajili ya wazamiaji. Mwanamke wa Mbwera akitaka kuifuata, ahesabu boti hadi Nyamisati, gari hadi Dar es Salaam, boti nyingine hadi Unguja, na wiki sita za kulala na kula ugenini. Kwa mkono uliovimba tu, atakuwa amelipia kitu ambacho jaribio bora kuliko yote halikukiona.

Basi sabuni. Mjini Recife, Brazil, katika miaka ya 1990, daktari Gerusa Dreyer na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa matende kwa karibu na kuona kwamba kinachoukuza mguu kuwa wa tembo si mnyoo peke yake. Ni bakteria wanaoingia kwenye nyufa za vidole na kuleta homa baada ya homa, kila homa ikiacha mirija imeharibika zaidi. Lile kisio la Halsted la 1921 lilikuwa limepata ushahidi, kwenye mguu wa maskini wa Recife. Mwaka 2002 walitoa mwongozo ambao mtu yeyote wa zahanati anaweza kuufuata: osha, kausha, tibu nyufa, inua kiungo, kitumie.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imeanza. Baraza la Afya la Dunia lilipitisha azimio la kutokomeza matende mwaka 1997, na mwaka 2000 mpango wa taifa ulizinduliwa kisiwani Mafia, ng'ambo ya delta, kisha ukaingia wilaya za Pwani. Aliyeuongoza ni Mwele Malecela, mtafiti ambaye baadaye alikuja kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kisha idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani, kabla ya kufariki Februari 2022. Wengi wa vijiji vya Rufiji wanaukumbuka mpango huo kwa fimbo. Mgawa dawa wa kijiji alisimamisha ukutani fimbo yenye alama, mtu akaegemea, na urefu wake ukasema ameze vidonge vingapi vya mektizani pamoja na albendazo. Kwa wenye mabusha kulikuwa na upasuaji. Kwa wenye miguu kulikuwa na beseni.

Kuosha kwenyewe kunataka mkono taratibu. Maji ya kawaida yasiyo ya moto, sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, na uanze juu ukishuka kwenye vidole. Usisugue kwa dodoki. Katikati ya vidole, na kwenye kila mkunjo wa ngozi, pitisha kitambaa kilicholowa mpaka kitoke kikiwa safi. Suuza mpaka maji yasiwe na povu. Halafu kausha kwa kugusagusa, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mkunjo ulioachwa na unyevu unaota fangasi na ufa wa fangasi ndio mlango wa homa. Penye ufa paka dawa. Ukimaliza, weka kiungo juu ya mto. Wenye matende wakifanya hivi kila siku homa hupungua sana, harufu inaisha, na mtu anaanza tena kwenda shughulini. Mguu haurudi kuwa kama wa zamani, lakini unaacha kuwa bwana wa maisha yake.

Hakuna hatua hata moja hapo isiyomfaa mwenye mkono wa saratani. Anachoongezewa ni kufungwa bendeji za kubana, njia iliyoelezwa na Alexander von Winiwarter tangu 1892, pamoja na kukandwa kwepesi kwa kuisukuma limfu, ufundi ulioanzishwa na Emil Vodder, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930. Kuna na mazoezi. Kwa miongo mingi wanawake hawa waliambiwa wasibebe kitu, mpaka mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walipowapima 141 na kuonyesha kwamba kunyanyua vyuma kwa kuongeza uzito kidogo kidogo, mkono ukiwa umevalishwa soksi ya kubana, hakukuza uvimbe, na vipindi vya uvimbe kuchachamaa vilipungua.

Tokeo hilo lina uzito wake Rufiji. Mwanamke wa bonde anayelima mlau maji ya mafuriko yakishuka, anayelala kwenye dungu kuwinga ndege na nguruwe wasimalize mpunga, anayetwanga, anayesuka mkeka, hawezi kuambiwa aupumzishe mkono mpaka siku ya kufa. Akiambiwa hivyo ataitikia "ndiyo, daktari" na kesho atashika jembe. Bora aambiwe aanze na jembe dogo, apumzike kabla mkono haujawa mzito, avae glavu anapovuna ili majani ya mpunga yasimchane, na akifika nyumbani aoshe na kuinua.

Kinachonikera ni kwamba matende na saratani zimekaa kwenye mafaili mawili. La matende lina wafadhili wake, dawa zake na tarehe yake ya kutokomeza, na saratani ina la kwake. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa kuosha mguu wa mzee wa Ruaruke hajawahi kuambiwa kwamba ujuzi huohuo unamhusu mama aliyerudi juzi kutoka Ocean Road. Kadiri minyoo inavyopungua ndivyo mafunzo yale yatakavyoachwa, nayo ndiyo yanayohitajika zaidi sasa, kwa kuwa wanawake wanaotibiwa saratani wanaongezeka na wanaishi. Ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja kwa ajili ya Kibiti, nisingenunua chemba. Ningenunua bendeji na utepe wa kupimia, na kumlipa mtu nauli ya kwenda kufundisha kila zahanati jinsi ya kuvitumia.

Utepe una kazi yake. Mikono yote miwili ipimwe kabla ya upasuaji, kwenye kifundo, chini ya kiwiko na juu yake, na vipimo viandikwe kwenye daftari la mgonjwa. Tofauti ya sentimita mbili ikionekana mapema, bendeji inaweza kuushika uvimbe kabla haujawa mgumu. Homa ikija na mkono ukawa mwekundu na wa moto, hiyo si kazi ya bendeji wala ya kukanda. Ni dawa za bakteria, siku hiyohiyo, na zinapatikana Kibiti. Na mkono ukivimba ghafla, au ukavimba pamoja na maumivu makali, kinundu kipya kwapani au ganzi ya vidole, asifungwe kwanza. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, au saratani imerudi, na mgonjwa huyo anatakiwa apandishwe gari la Dar es Salaam kabla ya mtu yeyote kuleta beseni.